Tiketi ya Kumi na Mbili

Kwa maelezo ya Mama Capitoline, mambo yalikuwa hivi. Mzee Bakiri alikuwa na kopo la chai la bati, lile refu la zamani, na kila Ijumaa akitoka msikitini alijifungia chumbani, akapiga magoti kwa tabu, akalivuta kopo kutoka chini ya kitanda. Halafu akamwaga. Vitu vikalia kwenye meza: kleng, kleng, kleng. Akavihesabu kwa sauti, akavirudisha, na mwisho akalia kilio cha mtu mzima, kile cha puani.

"Sasa nikuulize wewe, binti yangu," alisema Mama Capitoline huku ndoo yake ikifurika kwenye bomba la uani, "mtu analilia hela yake mwenyewe? Hapana. Mtu analilia hela ya mwenzake! Yule mzee alikula hela ya maiti, na maiti anamdai kila Ijumaa. Mimi ni jirani yake miaka tisa. Nimejua."

Masika, yule binti, alifunga bomba kwanza, maana maji yalikuwa yanamwagika bure. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Julai mwaka 2018, na baridi ya Bertrams, mtaa wa Johannesburg, ilikuwa imekaa kwenye kuta kama mgeni asiyeaga.

"Mama, hizo hela umeziona kwa macho?"

"Nimesikia."

"Noti zina mlio?"

Mama Capitoline alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kuku ana meno. "Noti zitalia wapi?"

"Kwa hiyo ni sarafu."

"Za dhahabu!"

"Akihesabu, hufika ngapi?"

"Kumi na mbili. Ukuta wetu ni mbao tu, nasikia mpaka anavyokohoa. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, anasimama. Anaanza tena, moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Hajawahi kufika kumi na tatu. Hesabu gani hiyo?"

 Masika hakuandika kitu. Shule aliiachia darasa la sita kule Butembo, Kongo, vita vilipoingia, na tangu hapo alijizoeza kuweka mambo kichwani, kila moja mahali pake, kama mama anavyopanga masufuria yake. Kumi na mbili akaiweka karibu na mlango, aipate haraka.

Kesi yenyewe ilikuwa imeingia ofisini jana yake. Ofisi ni chumba kimoja juu ya saluni, hatua chache kutoka uwanja wa Ellis Park, chenye kibao kinachosema TUNATAFUTA WALIOPOTEA. Mwenye kibao ni Gaston, mpelelezi wa polisi wa zamani wa Lubumbashi, mwenye tumbo kubwa na huruma kubwa zaidi. Masika alikuwa msusi wa saluni ya chini mpaka siku Gaston alipogundua kwamba binti huyu, akisuka kichwa kimoja, anatoka na habari za mtaa mzima bila kuuliza maswali matatu. Akampandisha ghorofani.

Mteja alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, Tabia binti Mtalika, kutoka Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifikia kwa mpwa wake mtaa wa Hillbrow, na basi lake la kurudi lilikuwa Alhamisi.

"Baba yangu alikuja kuchimba dhahabu hapa," alisema, "akafa mwaka hamsini na nane. Mwamba ulimwangukia. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Alikuwa na rafiki yake aliyetoka naye kijijini, Bakiri. Huyo ndiye aliyekuwa akimwekea akiba. Alipokufa, Bakiri alileta hela nyumbani mwenyewe, mkononi. Zikahesabiwa mbele ya watu. Zilikuwa pungufu."

"Akasemaje?" Gaston aliuliza.

"Alisema, nimeleta zote. Basi. Mama yangu akamtemea mate uwanjani. Alfajiri Bakiri akaondoka, hajarudi mpaka leo. Sasa ni mzee. Amewaambia watu wa chama chetu cha Tunduru hapa Johannesburg kwamba anataka kwenda kufia kwao. Wazee wa nyumbani wamesema neno ni la familia ya marehemu. Mama yangu yu hai, ana miaka themanini na miwili. Amenituma nikamtazame usoni Bakiri, kisha nimwambie kama tumfungulie mlango au tuufunge." Akakunja mikono mapajani. "Mimi sitaki kumtazama kabla sijajua. Nikishamtazama nitamwonea huruma, na huruma si ushahidi."

Masika alimpenda mama huyu kuanzia hapo.

Ushahidi wa familia ulikuwa karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Upande wa mbele, barua ya Mtalika, imeandikwa kwa niaba yake na mtu mwenye mwandiko wa kujipinda: *Mke wangu Abiba, kila zamu moja ya kazi natenga shilingi moja na peni tisa kwa ajili ya mtoto. Ananiwekea Bakiri. Tiketi moja ni zamu thelathini. Nikimaliza tiketi kumi na mbili kamili narudi, nimekuahidi.* Upande wa nyuma, kwa wino mweusi, hesabu ya kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa mwalimu wa shule. Zamu mia tatu na sitini. Shilingi mia tatu na sitini. Peni elfu tatu mia mbili na arobaini, ambazo ni shilingi mia tatu ishirini na nne. Jumla, shilingi mia sita themanini na nne. Zilizoletwa, mia sita na thelathini. Pungufu, hamsini na nne. Na chini yake, maneno mawili yamepigiwa mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi: *Bakiri mwizi.*

Gaston alipeleka zile hamsini na nne kwenye simu yake, akazigeuza kuwa rand, akaongeza bei kupanda miaka sitini, akakuna kichwa. "Eish. Mara napata hela ya viatu, mara napata hela ya pipi. Kwa shilingi ya Tanzania ya leo haifiki hata pipi."

"Shefu," Masika alisema, "tusiulize ingenunua nini leo. Tuulize mtu alifanya kazi siku ngapi kuipata."

Tabia aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

* * *

Mzee Bakiri alifungua mlango kabla hajabishiwa hodi. Alikuwa mrefu aliyekunjwa na miaka, amevaa koti juu ya koti, na kofia yake nyeupe ilikuwa safi kuliko kitu kingine chochote kwenye chumba kile.

"Shikamoo, babu." Kwao Butembo hawana salamu hiyo. Masika aliipata Johannesburg, kwa Watanzania, na aliipenda kwa sababu ilifungua milango.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nakusikia pale bombani. Ukuta ni mbao, unasikiliza pande zote mbili." Akacheka, kikohozi kikaingilia kati. "Umekuja kumwona mwizi?"

"Nimekuja kuona kopo, ukiniruhusu."

"Lipo chini ya kitanda. Liinamie wewe, goti langu limestaafu."

Kopo lilikuwa zito. Masika alilimwaga juu ya meza taratibu, kitu kimoja kimoja, na kila kimoja alikitazama kabla ya kushika kingine. Dhahabu haikuwemo. Kulikuwa na sarafu kubwa za shaba, nyeusi kwa uzee, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na merikebu upande wa pili. Akazihesabu. Kumi na mbili.

"Hizi ndizo unazohesabu Ijumaa?"

"Ndizo."

"Kwa nini?"

Mzee aliinua mabega. "Mtu akiambiwa na watu mia kwamba hajui kuhesabu, hufika siku akaanza kujishuku. Basi kila Ijumaa najijaribu."

Chini ya sarafu kulikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza, risiti ya duka la mgodini: blanketi, kofia ya kazi, jumla. Ya pili na ya tatu zilikuwa tiketi za kazi, karatasi ngumu rangi ya udongo, kila moja ina visanduku thelathini vya kupigiwa muhuri, kisanduku kimoja kwa zamu moja. Tiketi moja ilikuwa na jina la Bakiri, na juu yake pameandikwa malipo: 3/3. Nyingine ilikuwa ya Mtalika. Juu yake pameandikwa namba ya tiketi: 12.

Masika alitazama ile ya Mtalika kwa muda mrefu kuliko nyingine.

"Babu, naomba nizipige picha. Karatasi zako sitaziondoa hapa."

"Piga." Halafu, alipoona simu imesimama juu ya tiketi ya Mtalika, mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka gotini, ukarudi. "Hiyo haina kitu. Hiyo ni ukumbusho tu."

"Pale nyumbani, walipohesabu, uliwaeleza nini?"

"Nilisema nimeleta zote."

"Basi?"

"Niliwaambia hesabu ya huku si kama ya kwetu. Mwalimu akacheka. Watu wakamsaidia kucheka." Alivuta koti la juu. "Mjukuu wangu, ukiwa na miaka ishirini na minne, na mwenzako umemfukua kwa mikono yako, huna nguvu ya kubishana na mtu mwenye chaki."

"Na sasa?"

"Sasa nina themanini na minne, na mwenye chaki amekufa. Nitabishana na nani?"

Mlangoni, Masika alimkuta Mama Capitoline anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Dhahabu?" mama alinong'ona.

"Shaba, mama. Sarafu kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu? Miaka yote tisa nimekosa usingizi kwa shaba kumi na mbili?"

* * *

Ofisini Gaston alikuwa anakula mihogo ya kukaanga, miguu juu ya hita. Masika alimwonyesha picha ya risiti.

"Haifai," Gaston alisema. "Hiyo ni ya kwake. Mshukiwa hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe. Sheria ya kwanza."

"Karatasi ni yake, shefu, lakini mwandiko ni wa karani wa duka. Karani huyo hakujua kama kuna kesi. Alikuwa anauza blanketi tu."

Gaston alishusha miguu. "Endelea."

Masika alichukua kalamu na nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Hesabu za kujumlisha alizijua. Darasa la nne, mwalimu wao aliwafundisha kwa mawe, na mawe hayasahauliki. Akaandika kama karani alivyoandika, mistari miwili: blanketi 17/6, kofia 4/9, shilingi kushoto na peni kulia. Chini yake jumla ya karani, tarakimu tatu zilizoachana: 1, 2, 3.

"Hapa ndipo nilipokwama njiani. Nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, mpaka ikabadilika mara tatu, teksi zinanipigia honi. Tazama. Sita na tisa ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Karani ameandika tatu."

"Amekosea."

"Nilifikiri hivyo. Au anaiba. Lakini tazama upande wa pili. Kumi na saba na nne ni ishirini na moja. Karani ameandika mbili, na pembeni yake moja." Aliweka kidole kwenye kila tarakimu. "Mtu mlevi hakosei hivi. Kuna mahali kumi na tano imepelekwa, imebaki tatu. Kwa hiyo kimetoka kitu cha kumi na mbili. Kile kilichotoka kimehamia upande wa shilingi kama shilingi moja, ishirini na moja ikawa ishirini na mbili. Hapo tena kimetoka kitu cha ishirini, zikabaki mbili. Na kile cha ishirini ndicho hii moja ya mwanzo."

Gaston alimeza muhogo bila kuutafuna.

"Peni kumi na mbili, shilingi moja," Masika alisema. "Shilingi ishirini, pauni moja. Hesabu ya karani imekaa sawasawa, hata peni moja haijaanguka."

Gaston alichukua simu, akatafuta kwa kidole kimoja, akasoma, midomo ikicheza. Halafu akaigeuza simu ili Masika naye aione. Hela ya mfumo wa Kiingereza, uliotumika pia Afrika Kusini mpaka rand ilipoingia mwaka sitini na moja. Ilikuwa vilevile, kumi na mbili kwa shilingi, ishirini kwa pauni.

"Sasa mwalimu wa Tunduru alikosea wapi? Alikuwa mtu wa shule."

"Ndiyo maana akakosea. Nilimpigia Mama Tabia nikamuuliza, nyumbani wakati wa mkoloni peni ilikuwa nini? Akasema bibi yake aliita peni ile sarafu ya senti kumi, yenye tundu katikati. Shilingi yao ilikuwa senti mia. Kwa hiyo kumi zake zinajaza shilingi. Mwalimu alizoea hivyo, watoto darasani aliwafundisha hivyo. Aliposoma barua kutoka huku, akahesabu ya huku kwa kipimo cha kule."

Akaandika tena. Zamu mia tatu na sitini. Shilingi mia tatu na sitini, hapo hakuna ugomvi. Peni elfu tatu mia mbili na arobaini. Ukizigawa kwa kumi, unapata shilingi mia tatu ishirini na nne. Ukizigawa kwa kumi na mbili, unapata mia mbili na sabini.

"Mia tatu sitini na mia mbili sabini," Masika alisema.

"Mia sita na thelathini." Gaston aliinuka na tumbo lake lote. "Mia sita na thelathini! Na shilingi ya huku na ya kule zilikuwa na thamani sawa miaka ile, imeandikwa hapa kwenye simu. Zilizoletwa, mia sita na thelathini! Mtoto, miaka sitini ya matusi, na mzee hakukosea hata senti. Sharp! Kesi imekwisha. Mpigie mama."

Masika hakuinuka. Alikuwa anasogeza picha kwenye simu, mpaka akafika tiketi ya Mtalika.

"Haijaisha, shefu. Imezidi."

"Nini kimezidi?"

"Hela."

Alimwachia ahesabu mwenyewe. Visanduku thelathini. Mihuri ilikwenda mstari wa kwanza, wa pili, ikaingia wa tatu, ikasimama. Gaston alihesabu mara mbili, akavaa miwani, akahesabu ya tatu.

"Kumi na saba."

"Mtalika alikufa akiwa na zamu kumi na saba kwenye tiketi ya kumi na mbili. Kumi na tatu hakuzifanya. Mtu hapigiwi muhuri akiwa kaburini. Kwa hiyo akiba yake haikufika mia sita na thelathini."

Hesabu hii alikuwa ameshaifanya barabarani, lakini aliiandika taratibu kwa heshima ya Gaston. Zamu kumi na tatu, kila moja shilingi moja na peni tisa. Shilingi kumi na tatu. Peni mia na kumi na saba, ambazo ni shilingi tisa na peni tisa. Jumla, shilingi ishirini na mbili na peni tisa.

"Bakiri aliziongeza," Gaston alisema.

"Kutoka mfuko wake. Na yeye alilipwa shilingi tatu na peni tatu kwa zamu, imeandikwa kwenye tiketi yake. Zamu saba za Bakiri ni shilingi ishirini na moja na peni ishirini na moja. Yaani ishirini na mbili na peni tisa." Aliweka kalamu chini. "Inaingia bila kubakisha. Siku saba, shefu. Aliingia shimoni lilelile lililomuua rafiki yake, siku saba, bila kujilipa."

Gaston alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tatizo," Masika alisema, "ni kwamba sijui kwa nini. Na Mama Tabia hakuniajiri nimletee nusu."

* * *

Jumatano mchana walikwenda wote wawili, yeye na Tabia. Njiani, Masika alimweleza habari ya kumi na mbili na ya mia sita na thelathini. Habari ya tiketi hakuigusa. Tabia alisikiliza mpaka mwisho, akasimama kando ya duka la spaza, akashika nondo za dirisha lake kama mtu anayesubiri basi lipite.

"Mama alimtemea mate," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa kumi na mbili."

"Ndiyo."

Mzee Bakiri alikuwa amefagia. Vikombe vitatu vilikuwa mezani, viwili vyake na kimoja, Masika alikitambua kwa maua yake, cha Mama Capitoline. Tabia aliingia, akavua viatu, akapiga goti kama wanavyopiga kwao.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee alifungua mdomo. Salamu hiyo, kwa jina hilo, hakuwa ameisikia tangu mtoto huyu akiwa mgongoni kwa mama yake. "Marahaba," alisema hatimaye. "Una paji la uso la Mtalika. Kaa, mwanangu. Sakafu ina baridi."

Tabia akakaa. Hakuna aliyegusa chai.

"Babu," Masika alisema, "hesabu yako ni sahihi. Nimemwambia. Peni kumi na mbili."

Mzee aliinamisha kichwa. "Basi," alisema. "Basi imetosha."

"Bado tiketi."

"Hiyo niache nayo."

"Siwezi, babu."

"Mjukuu wangu." Sauti ilikuwa ya upole, lakini ilikuwa na msumari ndani yake. "Umenitoa kwenye wizi. Nakushukuru mpaka kwa watoto wako. Hilo lingine lifunike."

"Nikilifunika nitakuwa nimemtendea Mama Tabia kama yule mwalimu. Nitakuwa nimempa hesabu niliyoipenda mimi."

Tabia alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Hesabu gani? Kuna nini tena? Alichukua?"

"Alileta zaidi," Masika alisema. Akaivuta tiketi kutoka kwenye kopo, akaiweka mbele ya Tabia, kidole kwenye muhuri wa mwisho. "Hesabu wewe, mama."

Tabia alihesabu kwa midomo. Alipofika kumi na saba alirudi mwanzo. Alipofika tena aliacha kidole pale, kwenye kisanduku kitupu kinachofuata. Mtoto wa mchimbaji hahitaji kuambiwa kisanduku kitupu ni siku gani.

"Zamu kumi na tatu alizilipa yeye," Masika alisema. "Alifanya kazi siku saba kuzipata. Sababu hajaisema."

Nyuma ya ukuta wa mbao kulisikika kiti kikisogezwa karibu.

"Capitoline," Mzee Bakiri alisema bila kugeuka, "kama unasikiliza, ingia. Utaumia sikio."

Kiti kiliacha kusogea. Mama Capitoline hakuingia, lakini hakuondoka pia.

"Alimwahidi mama yako tiketi kumi na mbili kamili," mzee alisema. "Uliisoma barua. Wakati ule, mwanangu, mtu akirudi na tiketi haijajaa, watu hawaulizi. Ni mtoro, alikimbia kazi, alikuwa kwenye pombe. Hata aliyekufa. Wangesema alikuwa analala kambini siku nyingine, ndiyo maana pungufu. Niliwajua watu wetu. Na Abiba alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, ana mtoto mmoja, na kitu pekee alichoachiwa ni ahadi ya mume." Alisugua goti. "Nikaona ahadi ni bora ifike nzima."

"Ungeonyesha tiketi hii pale uwanjani," Tabia alisema, sauti imempungua, "wangejua papo hapo kwamba wewe si mwizi."

"Wangejua na lingine."

"Miaka sitini, baba mdogo!"

"Haikuanza kuwa sitini. Ilianza kuwa siku moja. Nikasema wiki ijayo watapoa. Baadaye nikaoa huku, nikazika huku." Akatabasamu kidogo. "Mtu hudhani ana muda."

Tabia alichukua simu yake. Masika akataka kumsaidia kutafuta namba, lakini akajizuia. Kulikuwa na kazi ambazo si za mpelelezi. Simu iliita kwa muda, ikapokelewa na sauti ya msichana wa nyumbani, kukawa na vishindo, kuku, mlango, na Tabia akaeleza. Alieleza kwa Kiyao, kwa haraka, halafu taratibu. Masika hakuelewa maneno, ila kila baada ya muda alisikia kumi na mbili kwa Kiswahili, na baadaye akasikia saba.  Tabia alipomaliza, aliweka simu sauti ya juu, akaiweka kwenye viganja viwili vya mzee.

"Bakiri." Ilikuwa sauti ya bibi kizee, kavu, iliyo karibu kuliko umbali wake. Ilisema Kiswahili, kile cha polepole cha watu wa kusini. "Shemeji. Ni mimi, Abiba."

Mzee aliinua simu karibu na uso, kama mtu anayenusa tunda.

"Nimesikia yote. Tabia ameniambia. Mimi ndiye niliyekutemea, shemeji, sikutumwa na mtu. Mwalimu alihesabu, lakini mate yalikuwa yangu. Siwezi kupanda basi tena, miguu imekataa. Ningekuja mwenyewe kukuambia mlango uko wazi." Akapumua. "Sikuombi mengi. Nijibu tu kama umenisamehe. Hata ukiniambia la, nitalala. Nijibu kwa sauti yako, shemeji."

Midomo ya Mzee Bakiri ilifunguka. Ikafungwa. Machozi yalishuka yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika simu.

"Shemeji? Upo?"

Tabia alimtazama Masika, Masika akatikisa kichwa: mwache. Kwenye kioo cha simu sekunde zilizidi kwenda, zikawa dakika, dakika ikawa mbili. Kule Tunduru jogoo aliwika saa isiyo yake. Bibi Abiba hakuita tena, na simu hakuikata.